Kulinda Maji

Aziza, funga mulango kwanza. Hiyo kapu ya maharagwe weka tu hapo chini, hakuna atakayeiiba, tangu asubuhi watu wote wanaogopa kupita mbele ya nyumba yetu. Kaa. Kunywa maji. Na usiniulize kitu mpaka nimalize, maana ukinikatiza nitaanza kulia, na mimi leo sitaki kulia, niko na habari nyingi mno tumboni, zinasukumana kama mbuzi mulangoni.

Unataka kuuliza mama mudogo Biasha iko wapi? Ngoja. Nitafika.

Wewe ulipopanda kwenu Bugarama, yule daktari Mujerumani alikuwa bado muzima, si ndiyo? Sasa homa imemulaza, mukojo umekuwa mweusi, wamemubeba kwa machela mpaka kambini kwake. Na siku zilezile akafikiwa na mugeni, daktari Mwingereza, ametoka kusini ya ziwa kuja kuangalia namna Wajerumani wanavyopigana na malale. Mujerumani akamuomba, nisaidie, zunguka pwani badala yangu mpaka nipone. Basi ndiye anayezunguka. Murefu, mwembamba, hatoki bila mwavuli, kwenye jua na kwenye kivuli, ndiyo watu wakamuita Bwana Mwavuli. Kiswahili yake ni "jambo" na "maji moto". Mukalimani aliyekuja naye alizunguka naye siku chache, halafu akaiona kambi ya malale mara moja tu, kulipokucha hakuonekana tena.

Kambi ile unaijua. Hapana, huijui, hakuna anayeijua, ndiyo ubaya wake. Tunajua njia ya kwenda. Mutu akionekana analala mchana, akishikwa shingo ikakutwa iko na tezi, anavalishwa kibao cha mbao chenye namba, anapelekwa. Huko wanamudunga sindano. Mutoto wa fundi Asmani alipelekwa akiwa anaona, tukasikia amekuwa kipofu. Muke wa muuza chumvi alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, anapunga mukono. Hatukusikia tena.

Na wa kushika shingo ni nani? Abasi. Abasi huyuhuyu wa Gatete aliyekuwa anatuuzia samaki wadogo wa ndagala sokoni, akituongezea kiganja kimoja huku anacheka. Wajerumani wamemufundisha vidole. Anapita nyumba kwa nyumba, anasalimu "amahoro" kwa adabu zote, halafu anasimama nyuma yako na kukupapasa shingo huku na huku, kama mutu anayepapasa kuku kujua kama iko na yai. Vile vibao amevitunga kwenye kamba, vinaning'inia mukononi, vinagongana. Ko, ko, ko. Siku hizi ile sauti ikisikika njiani, mama wanaamusha watoto wote, hata wa kunyonya, wanawamwagia maji usoni.

Sasa fikiria nyumba yetu.

Tangu ziwa limuchukue baba mudogo Amissi, unajua mama mudogo amekuwa namna gani. Mutumbwi ulirudi, kafi ilirudi, yeye hakurudi. Mwalimu wa musikiti akaja kumuambia akae eda, avae nyeupe, ahesabu siku zake. Akamujibu, "Eda ya nani? Mume yangu hajarudi." Na akashika desturi ya mama zao, ya kule ng'ambo Ubembe walikotoka. Maji yakimuchukua mutu na yasimurudishe, muke wake analinda maji. Kila usiku anakaa pwani na moto mudogo, uso kwenye ziwa, ili yule mutu akiinuka aone upande wa nyumbani. Na hasemi. Aliniambia siku ile ya kwanza kwamba ulimi ukishughulika, sikio linapitwa. Mchana analala. Atafanya vile mpaka ziwa limurudishe Amissi, au mpaka mvua za kwanza zizime moto zenyewe, ndipo eda inaanza.

Basi iko mwanamuke hasemi. Analala mchana. Amekonda. Macho ni mekundu kwa moshi, ukimugusa anashituka, anakuangalia kama hakujui. Aziza, ungelikuwa wewe ndiwe Abasi, ungesema nini?

Na tezi anayo. Nilimushika mwenyewe juzi alipokuwa amelala, hapa, chini ya sikio. Iko kubwa kama punje ya ngazi ya mawese. Najua jino la upande ule limeoza, najua shavu lilivimba. Lakini kidole changu kilipoigusa ile kitu, mukono wote ulitaka kukimbia. Kwa sababu nilianza kujiuliza, na kama desturi iko, na malale nayo iko? Nani alisema mutu hawezi kuwa navyo vyote viwili?

Sikumuambia mutu. Mimi, Kulthumu, nisiyeweza kunyamazia hata paka akizaa.

Sasa sikia ya jana jioni, maana bila hiyo hutaelewa ya leo. Muke wa Hadji, jirani yetu, alikuja na kuku wake mwekundu, akamufunga mguu jikoni kwangu, akasema, "Utanitunzia." Akanikumbatia muda murefu. Sikumuuliza. Mutoto wao mukubwa ameanza kusinzia kwenye sahani. Leo kulipokucha mulango wao ulikuwa wazi, jivu limepoa, mutumbwi hauko. Wamekwenda ng'ambo, kwa Wabelgiji. Na upepo, Aziza, tangu alfajiri ulikuwa ule wa kusini, ule mubaya, unainua mawimbi na kusukuma mutumbwi pembeni, mutu anapiga kafi na milima ya ng'ambo haisogei. Kwa hiyo walikuwa bado majini. Na meli ya Wajerumani imefunga palepale chini ya boma, moshi unatoka.

Niko jikoni nasonga bugali, namuangalia yule kuku, naangalia ziwa. Ko, ko, ko.

Mbele alikuwa Shaushi, yule mukubwa wa askari, Musudani. Nyuma yake Bwana Mwavuli. Nyuma kabisa Abasi na kamba yake. Shaushi hakusalimu.

"Jirani yenu Hadji iko wapi?"

"Sijui, Shaushi."

"Mulango wazi, chungu iko, mikeka hakuna. Wamekwenda shambani na mikeka?"

Nikasema labda wamekwenda kilioni. Kuku ya Hadji ikapiga kelele jikoni. Shaushi akageuza kichwa pole pole.

"Ile kuku ni yako?"

"Ni yangu."

"Nayo imeogopa nini?"

Nikajifuta bugali mikononi. Akasema wanaotoroka wanarudishwa, na wanaowasaidia wanatiwa munyororo, na kwamba akijua tu ni saa gani walitoka na wameshika upande gani, meli iko na moto tayari. Anasema hivyo taratibu, anatazama kucha zake.

Abasi ndiye aliyemukatiza. "Shaushi, kazi yetu hapa ni nyingine. Ni yule mama wa kulala mchana, nilimuambia daktari habari yake." Halafu akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Kulu, dada yangu, usinichukie. Siku ambayo sileti mutu wananiuliza nimemuficha nani. Wananishika shingo mimi."

Wakaingia ndani. Mama mudogo alikuwa kwenye mukeka, kitenge mpaka mabegani, kinywa wazi, jua limeshapanda juu kabisa. Abasi akamugusa. Akashituka, akakaa, akaangalia ukuta. Abasi akapiga magoti nyuma yake, vidole vikatembea, vikasimama. Akasema, "Iko."

Bwana Mwavuli akachuchumaa. Akamuangalia macho, akamuambia kwa ishara anyooshe mukono. Ukatetemeka. Na wangu ulikuwa unatetemeka, lakini wangu hakuna aliyeuangalia. Akauliza kitu kwa Kiingereza. Shaushi, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, akakaza sauti na kumuambia mama mudogo, "Sema, unaumwa tangu lini?" Mama mudogo kimya. Ukuta ulikuwa na maneno mengi kuliko yeye.

Hapo kinywa changu kikafunguka bila ruhusa yangu. Nikasema kwa Kiingereza, "Bwana, huyu haumwi."

Wote wakanigeukia kama vile aliyesema ni kuku.

Daktari akauliza nimejifunza wapi. Na wewe unanijua, wengine wakiwa na hofu wanatetemeka, mimi nasimulia. Nikamuambia baba yangu alikuwa seremala wa nyumba ya mabibi wa Kiingereza kule Unguja, wakanitia shuleni kwao, nikamaliza, wakanitia chuo cha walimu, kabla sijaja huku kwa mama mudogo. Nikamuambia na jinsi mabibi walivyotupeleka Mombasa kwa meli, na baharia tuliyemukuta amelala juu ya kamba mchana kweupe, kinywa wazi, sisi wasichana tukimutupia maganda ya machungwa tuone nani atalenga kinywa. Hayo yote nikiwa nimesimama mbele ya mama mudogo na kibao kinaning'inia. Mungu anisamehe. Muzungu akatabasamu kidogo, halafu tabasamu ikaisha.

"Vizuri," akasema. "Basi niambie ana nini."

Nikafungua kinywa. Hakuna neno.

Aziza, mimi niliimbishwa Kiingereza, niliota Kiingereza, nilipewa zawadi ya utepe kwa Kiingereza. Na kulinda maji sina. Kulinda ninalijua, maji ninayajua. Nikayaunga, nikasema anayalinda maji. Akauliza, "Anayalinda dhidi ya nani? Nani anayaiba?" Nikaona jinsi ilivyosikika, kama mutu mwenye kisima na jirani mwizi. Nikasema hapana, si hivyo.

Nikajaribu "sad". Ana huzuni, mume wake amekufa.

Akatikisa kichwa kwa upole. Alikuwa mupole, ndiyo iliyokuwa inanitisha. Akasema malale inaanza hivyohivyo, mutu anakaa peke yake, hacheki, hataki kula, ndugu wanasema ni huzuni mpaka siku asiyoamuka. Nyuma yangu nikasikia ko moja. Abasi alikuwa amekishika kibao cha mwisho kwenye kamba, anatafuta fundo.

Nikasema "waiting". Anangoja.

"Anangoja nani?"

"Mume wake."

"Yuko wapi?"

"Ziwani."

"Si umeniambia amekufa?"

Nikasema amekufa, ndiyo, lakini hajarudi. Aziza, kwa Kiswahili hiyo ni maneno ya kawaida, hata wewe umeitikia kwa kichwa. Kwa Kiingereza ilitoka kama maneno ya mutu aliyechomwa na jua kichwani. Daktari akaniangalia mimi sasa, akaangalia na shingo yangu, nakuapia. Akasema ugonjwa huu ukifika kichwani watu wanaongea na wafu, ameona wengi.

Shaushi akaniuliza, "Anasema nini?" Nikasema anasema bado anafikiri. Fundo la Abasi likafunguka.

Nikasema ni desturi. Hilo neno ninalo, ni "custom", neno zuri, mabibi walikuwa wakilitumia kwa kila kitu chetu wasichokielewa. Na hapo ndipo alipochoka. Akasimama, magoti yakalia. "Kila nyumba wananiambia ni desturi," akasema. "Kule Gatete kuna mutu aliniambia ni desturi ya muke wake kuangukia jikoni kwenye moto."

Nilikuwa sina tena. Kila neno nililotoa lilikuwa kweli, na kila moja lilimusogeza mama mudogo karibu na mulango. Laiti ningelinyamaza ningelikuwa sijamuharibia. Nikaanza kufikiri, labda neno halipatikani kwa sababu halipo, labda wao ndio wanaona na sisi tumefumba macho kwa sababu tunamupenda. Abasi alikuwa ameshapitisha uzi kwenye tundu la kibao. Akasema, "Mama, samahani," akaanza kumuvalisha. Na mama mudogo akainamisha kichwa, kama vile anapokea mukufu. Usingizi ulikuwa umemukamata tena hapohapo alipokaa. Kinywa kikafunguka.

Nikamuona yule baharia.

Nilikuwa nimesahau mwisho wa ile habari, maana mwisho wake haukuwa wa kuchekesha. Bibi mukubwa alitukuta na maganda mikononi, akatusimamisha kwenye mustari. Akasema huyu si mvivu, wala si mugonjwa. Usiku kucha mulipokuwa mumelala, alisimama mbele ya meli anayaangalia maji kwa ajili yenu. Na akatuambia hiyo zamu inaitwaje kwa Kiingereza.

"Watch," nikasema. "Bwana, huyu mama iko kwenye watch. Ya usiku. Kama yule baharia wa maganda ya machungwa."

Abasi hakujua nimesema nini, lakini alimuona daktari amesimama katikati ya hatua, na yeye akasimamisha mukono, uzi bado uko juu ya kilemba cha mama mudogo.

"Kila usiku?"

"Kila usiku, tangu mutumbwi urudi bila yeye."

"Anaangalia nini?"

"Maji tu."

Akaliweka lile neno kinywani mwake, akalirudia pole pole, kama mutu anayeonja muchuzi wa nyumba ya wengine. Nikaona limemufikia. Yeye mwenyewe amekuja huku kwa meli, ameona watu wale, ameshapita juu ya miguu yao mchana. Lakini hakuwa amemaliza.

"Mutu wa watch," akasema, "asubuhi anatoa habari. Anasema ameona nini. Kama alikuwa macho kweli, atajua. Muulize jana usiku aliona nini."

Aziza, hapo nikaona alipotufikisha. Kwa sababu mutumbwi wa Hadji uliondokea wapi? Palepale. Moto ya mama mudogo iko hatua chache kutoka mahali wanapoufunga.

Shaushi akauliza, "Amesema nini?"

Ilibidi niseme. Nikamuambia. Na yule mutu aliyekuwa anaangalia kucha akainua kichwa kama mbwa aliyesikia sahani. "Ndiyo," akasema. "Vizuri sana. Mama aseme. Aseme mitumbwi."

Nilitafuta tundu la kupita, sikuliona. Nikimunong'oneza kwa Kiswahili, Shaushi anasikia. Kwa Kirundi, Abasi anasikia. Akikaa kimya, ni mugonjwa, anakwenda. Akisema alichoona, yeye anabaki na meli inang'oa nanga, na watoto wa Hadji wako katikati ya maji wanapigana na mawimbi. Nikapiga magoti mbele yake, nikajaribu kumuambia kwa macho. Hakuyaangalia macho yangu.

"Mama mudogo, muzungu anauliza, jana usiku umeona nini kwenye maji?"

Akalamba midomo. Halafu sauti ikatoka, Aziza, sijaisikia tangu tulipomaliza kumuita Amissi pwani. Ilikuwa na kutu.

"Mwezi ulizama mapema, nyuma ya milima ya ng'ambo."

Nikageuza kwa Kiingereza.

"Mioto ya wavuvi ilikuwa upande wa Magara. Upepo ulipogeuka, ikazimika moja moja."

Nikageuza.

"Hapa karibu," Shaushi akasema. "Tuachie Magara. Hapa karibu nani alipita?"

Mama mudogo akainua uso. Akawapita wote kwa macho, yakasimama kwa daktari.

"Huyu," akasema.

"Huyu nani?"

"Huyu muzungu. Alitoka kwenye hema yake bila kofia, bila mwavuli. Akakaa juu ya ule mutumbwi wetu uliogeuzwa. Moto yangu ilikuwa imebaki kaa tu, mimi niko upande wa pili, hakuniona. Akajishika shingo. Huku na huku. Kama Abasi anavyoshika. Akamaliza, akaanza tena. Halafu akaweka uso kwenye mikono, akakaa vile mpaka baridi ikamuondoa."

Akageukia tena ukuta. Habari yake ilikuwa imeisha.

Abasi aliacha uzi ukaanguka na kibao chake. Shaushi akainua macho kwenye paa. Wote wawili wameelewa kila neno, na mutu mumoja tu ndani ya nyumba ile hajaelewa, naye amesimama ananingoja mimi. Wewe fikiria. Kule boma mupishi alipigwa kiboko kwa sababu muzungu aliteleza na yeye akacheka. Sasa mimi nimuambie muzungu, mbele ya askari wake, kwamba usiku anaogopa kama sisi. Nikageuza maneno kichwani. Yote yalikuwa makubwa. Hili linatukana, hili linahurumia, na kuhurumia ni kubaya kuliko kutukana.

Mwishoni niliacha kutafuta neno. Nilisema tu, "Bwana, alikuona wewe, pale kwenye mutumbwi." Halafu nikainua mukono, nikajishika shingo. Huku. Na huku.

Akawa mwekundu mpaka masikioni, halafu akawa rangi ya jivu. Akamuangalia Abasi. Abasi akaangalia chini. Akamuangalia Shaushi. Shaushi, macho bado juu, akasema kwa Kiswahili, haongei na mutu, "Nyasi ya paa hii wameifunga vizuri."

Sikujua kama nimetuokoa au nimetuua.

"Alikuwa macho," daktari akasema. Akasema tena, pole pole, "Alikuwa macho kabisa." Akainama, akaokota kile kibao pale sakafuni. Nikafikiri anamurudishia Abasi. Akakitia mufukoni mwake mwenyewe.

Akasema nimuambie mama asukutue jino kwa maji ya chumvi, na tezi ikizidi aitwe. Nikamuambia. Abasi akavuta pumzi kama mutu aliyetoka chini ya maji.

Lakini Shaushi hakuwa amesahau. "Na mitumbwi? Muambie daktari, bado habari ya mitumbwi. Mama huyu anaona kila kitu."

Daktari akaniuliza anasema nini. Na hapo, Aziza, ndipo nilipoliona tundu, lilikuwa mbele yangu muda wote. Shaushi hajui Kiingereza. Nikamuambia daktari, "Anauliza kama habari ya usiku imekwisha."

Daktari akasema imekwisha, na kwa haraka, kama mutu anayefunika chungu.

"Amesema nini?"

"Amesema basi, Shaushi. Imetosha."

Si uongo. Ungelikuwepo ungesema ni uongo? Shaushi akaniangalia mimi, akaangalia jikoni. Nikajua yeye anajua. Lakini mukubwa wake alikuwa ameshatoka nje, na askari hawezi kubaki nyuma kuongea na kuku.

Walipofika kwa Asmani, hapo njiani, Bwana Mwavuli akarudi peke yake. Amefungua mwavuli, uso hauonekani vizuri. Akaniambia kesho asubuhi wanakwenda Magara, na mimi nitakwenda nao. Hakuniuliza. Akasema anahitaji mutu mwenye maneno.

Niliporudi ndani mama mudogo alikuwa ameshajilaza. Nikapiga magoti karibu na sikio lake. "Na kina Hadji? Hukuwaona?"

Macho yamefungwa. "Mimi nalinda maji," akasema. "Silindi watu." Akalala. Iko pale nyuma ya pazia, unamusikia anavyokoroma? Ni jino lile. Na adhuhuri upepo umegeuka, toka uone, ziwa limelala kama mafuta ya mawese, meli bado imefungwa. Kina Hadji watakuwa wameshakanyaga muchanga. Lazima wawe wameshakanyaga.

Basi furahi. Ona, nimekuambia yote na sijalia. Furahi kwanza halafu uniambie nifanye nini.

Kwa sababu Magara, Aziza. Wewe unawajua watu wa Magara. Usiku wako majini na mioto yao, asubuhi wanauza kwa wachuuzi, jua likipanda pwani nzima inalala. Chini ya nyavu, ndani ya mitumbwi, kinywa wazi, waume na vijana wao wote. Na kesho Abasi atatembea katikati yao na kamba yake, na kila atakayemuinamia amelala mchana. Nitakuwa na neno langu tayari. Nitalisema kwa huyu, na huyu, na huyu, mpaka muzungu alichoke kama alivyoichoka desturi.

Na kati yao mumoja atakuwa mugonjwa kweli. Nimupe neno gani? Nikimupa lile la mama mudogo, atabaki kwao, na daktari anasema inzi wanaoleta malale watamunyonya yeye waende wawanyonye na watoto wake. Nikimunyima, anapita njia ya muke wa muuza chumvi, na aliyemuvalisha kibao si Abasi, ni mimi. Lazima nijue kabla sijafungua kinywa. Na mimi sijui kitu. Nimeshika shingo moja tu katika maisha yangu, na mpaka sasa sijui niligusa nini.

Sogea. Geukia kule, ondoa ushanga. Nataka tu kujua shingo ya mutu muzima iko namna gani. Usicheke, Aziza. Najua vidole vyangu vina baridi. Kaa tu.